Kazi za Mikono: Mashine Haijafa, Mkanda Ndio Umeoza

Katika nyumba nyingi za Kalangalala hapa Geita, na za vijiji vya jirani, juu ya kabati au chini ya kitanda iko mashine iliyonyamaza. Pengine ni redio ya kaseti aliyoinunua baba kwa fedha ya pamba. Pengine ni santuri ya umeme iliyoletwa na mjomba kutoka Mwanza. Na kwa nadra sana, kwa wale waliorithi vitu vya kale, ni fonografu yenye ufunguo wa kupinda kwa mkono. Watu wa nyumbani wasema, "Imekufa." Watoto huikalia kama kiti. Halafu siku moja hupita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake, mashine hupimwa kwa kilo, na habari yake imekwisha.

Nami nawaambia, kabla hujaipima kwa kilo, ifungue. Mara nyingi mota ni nzima, spika ni nzima, nyaya zote zi mahali pake. Kilichooza ni kitu chembamba kama tambi, ule mkanda wa mpira au wa ngozi unaochukua nguvu za mota na kuzipeleka kwenye gurudumu. Kitu hicho mtu mwenye mikono mitulivu aweza kukitengeneza mezani kwake kwa wembe, rula na uzi.

Msiseme huu ni mchezo wa wazee wanaopenda makorokoro. Pamoja na mashine hiyo huwa uko mfuko wa kaseti, nazo kaseti hizo nyingi hazikununuliwa dukani. Humo imo sauti ya bibi akiimba kwenye arusi ya binti yake. Imo barua ya sauti ambayo baba aliituma kwa mtoto aliyekuwa masomoni, siku zile simu zilipokuwa za kupangia foleni posta. Imo kwaya ya kigango ikiimba nyimbo za mwalimu ambaye sasa ni marehemu, na nyimbo hizo hazikuandikwa popote. Zimo ngoma za Bagika na Bagalu wakishindana mbele ya watu. Simu ya kijana yaweza kubeba nyimbo elfu, lakini sauti ya babu yake haimo. Sauti ile imo katika kaseti, na kaseti haisemi bila mashine, na mashine haizunguki bila mkanda.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Watu wengi huita "mkanda" hata ule utepe mwembamba wa rangi ya kahawia ulio ndani ya kaseti. Leo utepe nitauita utepe. Nikisema mkanda, nina maana ya ule wa kuzungusha magurudumu.

Kazi ya mkanda mnaijua tayari, maana mmeiona kwenye mashine ya kusaga. Injini iko huku, kinu kiko kule, na mkanda hupita kati yao. Mkanda ukilegea au ukilowa huteleza, nanyi mwasikia kinu kinaguna na unga unatoka kidogo kidogo. Vijana wanaofanya kazi kwenye karasha za mawe ya dhahabu huko machimboni wanajua zaidi, kwa kuwa mikanda yao huungua mpaka harufu ikatoka. Ndani ya redio ya kaseti mambo ni yale yale, ila kwa udogo. Mota huzunguka upesi mno. Puli yake ni ndogo kama punje ya mahindi, na gurudumu linaloendeshwa ni kubwa na zito. Kwa hiyo mwendo hupungua na kutulia. Uzito wa gurudumu hufuta mitetemo midogo ya mota, na mkanda nao, kwa kuwa ni laini, hauipitishi mitetemo hiyo.

Lakini iko tofauti moja kubwa kati ya unga na sauti. Mkanda wa kinu ukiteleza, unga utachelewa, walakini utakuwa unga ule ule. Mkanda wa santuri ukiteleza, sauti haichelewi tu, hugeuka. Mashine ikienda pole kuliko ipasavyo, sauti hushuka na kuwa nzito, mama akasikika kama mzee wa kiume. Ikienda mbio, baba asikika kama mtoto. Ninyi wanakwaya mtanielewa upesi: mwendo ukipungua sehemu sita katika mia, wimbo mzima hushuka kwa hatua kama ile ya kutoka fa hadi mi. Ndiyo sababu sipendi kusikia fundi akisema, "Mradi inazunguka." Kuzunguka si kazi. Ikizunguka kwa mwendo usio wake, mtoto aliyezaliwa baada ya babu kufariki atapewa sauti ya mtu mwingine, naye ataiamini, kwani ya kweli hakuisikia.

Sasa, si kila mashine ina mkanda, na hapa wengi wametapeliwa. Gramafoni ya kupinda, ile ya sanduku yenye kupiga sahani nyeusi ngumu zinazovunjika kama kigae, kwa kawaida haina mkanda kabisa. Ndani yake iko springi kubwa iliyokunjwa ndani ya pipa la chuma; springi huzungusha magurudumu yenye meno, na chombo kinachoitwa gavana, chenye vidude vizito vinavyotanuka kikizunguka, huzuia mwendo usizidi. Sahani za Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, watu walizisikiliza kwa mashine za namna hii. Basi mtu akija kukuuzia mkanda wa gramafoni ya springi, mpe kiti, mpe maji ya kunywa, na fedha yako ibaki mfukoni. Gramafoni hiyo ikikwama, yafaa kutazama springi na grisi yake iliyoganda kama ulimbo. Tena springi hiyo usiifungue mwenyewe, maana ikifyatuka hukata vidole.

Fonografu ni kitu kingine. Hiyo haipigi sahani, hupiga silinda ya nta iliyo kama gunzi nene lenye tundu katikati. Thomas Edison wa Marekani aliivumbua mwaka 1877, akauza za nyumbani tangu miaka ya 1890, na kampuni yake ikaacha biashara hiyo mwaka 1929. Ndani yake pia mna springi, lakini kutoka kwenye mota hadi kwenye mhimili wa silinda hupita mkanda bapa wa ngozi nyembamba. Ngozi hiyo ikiisha kupita miaka mia, hukauka na kukatika kama jani la mgomba.

Mashine za silinda zilifika nchi hii zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alizunguka upande wa Lindi, Masasi na Newala, na katika mizigo ya wapagazi wake ilikuwamo fonografu; akawaimbisha watu mbele ya pembe yake na kuzichukua sauti kwenye nta. Mwaka 1909 mwanachuoni wa Berlin, Erich von Hornbostel, alichapisha maandishi juu ya nyimbo za jirani zetu Wanyamwezi, zilizochukuliwa kwa fonografu. Maandishi hayo yalitoka katika Anthropos, gazeti la wataalamu lililoanzishwa na Padre Wilhelm Schmidt mwaka 1906. Silinda za namna hiyo zimetunzwa Berlin mpaka leo, zaidi ya 16,000 kutoka pande zote za dunia, na mwaka 1999 UNESCO iliziingiza katika orodha ya kumbukumbu za ulimwengu.

Katika habari ya Berlin liko jambo moja ambalo kila mwenye kurekodi kwaya yapasa alijue. Wataalamu wale walijua kwamba mashine za kupinda hazina mwendo mmoja. Kwa hiyo waliwaagiza wasafiri wao wapige filimbi ndogo ya sauti inayojulikana kwenye silinda kabla ya kumrekodi mwimbaji. Miaka mingi baadaye, mtu akiipiga silinda ile, aongeza au kupunguza mwendo mpaka filimbi irudi katika sauti yake ya kwanza. Hapo ajua kwamba mwimbaji naye amerudi katika sauti yake. Nasi twaweza kuiga: mwalimu wa kwaya akirekodi, kwanza apige do ya kinanda na kutaja kwa mdomo ni sufuri gani au ufunguo gani. Haigharimu senti.

Turudi kwenye mkanda wa ngozi. Nani kijijini anaujua? Fundi cherehani. Cherehani ya miguu huendeshwa kwa mkanda mviringo wa ngozi uliofungwa kwa kipini cha waya, na ukilegea fundi hukata kipande na kufunga upya, kazi ya dakika tano. Elimu ni ile ile, ila kipini cha waya hakifai kwa fonografu. Kila kipini kinapopita juu ya puli hugonga, na mgongo huo wausikia katika wimbo kama moyo wa mtu aliyekimbia. Cherehani haijali, kwa kuwa kitambaa hakina masikio.

Mkanda wa fonografu hutengenezwa hivi. Tafuta ngozi nyembamba iliyotengenezwa vizuri, ya mbuzi au ya ndama. Mshona viatu anayo mabaki. Kata kwa kufuata mstari wa uti wa mgongo wa mnyama, kwa kuwa upande huo ngozi hunyooka kidogo kuliko upande wa tumbo. Upana uwe sawasawa na wa mkanda wa kale, au pungufu kidogo ya upana wa puli, nao usipunguke wala kuzidi mahali po pote. Kabla hujapima urefu, utundike ukanda huo usiku kucha ukiwa na jiwe dogo chini yake, ili unyooke kiasi cha kunyooka sasa, usije ukanyookea ndani ya mashine. Asubuhi zungusha uzi usionyumbuka katika njia ile ile ya mkanda, upite kwenye puli zote, utie alama, uupime kwenye rula. Fonografu nyingi za Edison zina kigurudumu kidogo chenye springi kinachokaza mkanda. Kikandamize kidogo unapopima, ili kibaki na nafasi ya kusogea pande zote mbili.

Ongeza sentimita moja na nusu kwa ajili ya kiungo. Kisha, na hapa ndipo fundi hujulikana, kwangua ncha zote mbili kwa wembe mkali kwa mshazari, moja upande wa juu na nyingine upande wa chini, mpaka zilalane na unene wake uwe sawa na unene wa mkanda uliobaki. Paka gundi ya viatu, subiri ikauke kidogo, bandika, kandamiza chini ya kitu kizito mpaka kesho. Funga macho na kuupitisha mkanda kati ya vidole. Ukikitambua kiungo kwa vidole, mashine nayo itakitambua.

Basi, hiyo ni ya wachache. Wengi wetu tunazo redio za kaseti na santuri za umeme, na huko mkanda ni wa mpira. Kaseti yenyewe ililetwa duniani na kampuni ya Philips mwaka 1963, na mashine zake karibu zote huendeshwa kwa mikanda midogo, mara nyingi miwili au zaidi. Mpira huo una adui watatu: joto, hewa na mafuta. Nyumba ya bati saa nane mchana ni jiko. Baada ya miaka mkanda hulegea, au hukauka na kupasuka, au, na hili ndilo baya kuliko yote, huyeyuka na kuwa kama lami nyeusi inayonata.

Kabla ya kugusa cho chote, chomoa waya wa umeme ukutani na kutoa betri. Ukifungua na kuona mkanda ungali na umbo lake, piga picha kwa simu ya njia unayopita, maana ukishautoa utasahau. Ukiwa umeyeyuka, usikate tamaa: lami yenyewe imeacha alama kwenye kila puli ulikopita. Itoe kwa kijiti cha mti, kisha pangusa puli kwa pamba iliyochovywa katika spiriti, mara nyingi, mpaka pamba itoke nyeupe. Pamba huku Geita haijawahi kutupungukia, isipokuwa bei. Vaa nguo ya shamba, kwa kuwa lami ile haitoki kwenye shati la Jumapili. Mafundi wengine hutumia petroli. Mimi siipendi, huyeyusha plastiki na kuwaka moto karibu na taa. Na spiriti hiyo hiyo usiipeleke kamwe kwenye zile sahani nyeusi za gramafoni ya kale, kwani huziyeyusha uso. Hizo husafishwa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo.

Halafu pima kwa uzi, kama nilivyosema juu ya ngozi. Lakini mpira hukatwa mfupi kuliko njia yake, ili ukivutwa ushike. Kipimo cha wastani ni kupunguza sehemu nane katika mia. Tuseme uzi umeonyesha sentimita 22. Nane katika mia ya 22 ni karibu sentimita moja na milimita nane. Kwa hiyo mkanda uliolala mezani bila kuvutwa uwe na mzunguko wa sentimita 20 na milimita mbili hivi. Watu hudhani mkanda mkali ndio mzuri, wakaukaza kama kamba ya ng'ombe. Mkanda uliokazwa mno huvuta mhimili wa mota upande mmoja na kuula bushi yake, na mota ikifa hapo kweli mashine imekufa.

Mpira wenyewe utapatikana wapi? Unao nyumbani: tyubu ya baiskeli iliyozeeka. Hapa siri ni jinsi ya kukata. Usiikate kwa urefu kama anayetaka kamba ya kufungia mzigo, maana utapata ukanda wenye ncha mbili, na ncha zitataka kuunganishwa. Ikate kwa kukingama, kama unavyokata kitunguu, nawe utapata pete isiyo na kiungo hata kimoja. Tyubu ya baiskeli hutoa pete ndogo, ya pikipiki kubwa zaidi, ya gari kubwa sana inayoweza kufaa kwa santuri. Pima kwanza tyubu ikiwa imelazwa bapa: upana wake mara mbili ndio mzunguko wa pete. Chagua mahali pasipo kiraka wala mshono, na mpira usiwe na nyufa.

Kukata sawasawa ni kazi ya subira. Ivalishe tyubu kwenye chupa au kipande cha mti mviringo kinachoijaza bila kuivuta. Weka wembe usiosogea, uliofungwa kwenye kibao, na uzungushe chupa taratibu huku ukiibana kwenye wembe. Lowesha wembe kwa maji. Waulizeni wanaotengeneza katambuga za matairi, kisu kikavu huuma mpira na kuupotosha, kisu chenye maji hupita. Mikanda ya kaseti mingi haizidi upana wa milimita moja au mbili, basi tia kata mbili zilizo karibu, na kama pete imetoka na upana usio sawa, itupe ukate nyingine. Tyubu moja inatosha kukosea mara hamsini. Osha pete kwa maji na sabuni, kwa kuwa ndani ya tyubu mna unga mweupe unaotelezesha, kisha uikaushe kivulini.

Nisiwafiche: mkanda wa tyubu una upungufu wake. Unene wa tyubu si sawa pande zote, na mpira wake ni mzito wa kurudi ukivutwa. Kwa kaseti ya mazungumzo watosha kabisa. Kwa kinanda na nyimbo za kuvuta sauti, sikio kali litasikia utetemekaji kidogo. Atakaye kilicho bora aende kwenye maduka ya vipuri mjini aulize oringi, zile pete nyeusi za mpira zinazozuia maji na mafuta kwenye pampu. Geita ina pampu nyingi kwa ajili ya machimbo, hivyo oringi zimejaa za kila kipimo. Oringi haina kiungo na unene wake ni sawa pande zote. Hupimwa kwa upana wa tundu lake: chukua ule mzunguko wa sentimita 20 na milimita mbili, ugawe kwa 3.14, utapata sentimita sita na milimita nne, yaani umwombe muuzaji oringi ya milimita 64. Unene usizidi milimita mbili, la sivyo mota ndogo itahema.

Kuhusu mipira ya kufungia noti, ile ya rangi ya njano na nyekundu, ndiyo dawa ya haraka ya kila kijana. Yaendesha mashine, ni kweli, kwa siku chache. Kisha hurefuka na kuoza, na mara hii lami ni yako wewe. Tena wako wanaopaka mkanda nta, sukari au ulimbo ili usiteleze. Mkanda ukiteleza, sababu ni tatu tu: ni mrefu, au puli ina mafuta, au gurudumu fulani ni gumu kuzunguka. Ulimbo hauponyi hata moja.

Haya, mkanda umevaa. Sasa usitie kaseti ya marehemu! Tia kaseti isiyo na thamani, ya matangazo ya sabuni ikiwezekana, uiache izunguke upande mzima. Mashine iliyolala miaka kumi hupenda kula utepe, na utepe ukiliwa umekwisha.

Isipoula, pima mwendo. Santuri ya umeme ni rahisi: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani na kuhesabu mara ngapi kinapita mbele yako. Kwa sahani za 45, kipite mara 45 kwa dakika moja ya saa yako; kwa 78, mara 78. Zile kubwa huandikwa 33 na theluthi moja, basi hesabu dakika tatu, nazo zitimie duru 100 kamili. Silinda za Edison zilizotolewa tangu 1902 nyingi zataka duru 160 kwa dakika. Hesabu robo dakika, ziwe 40. Watoto hufurahia kazi hii, mmoja ashike saa na mwingine ahesabu.

Kaseti ni ngumu kidogo, kwa kuwa mwendo wake hauonekani. Kwa kanuni utepe hupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Kaseti iliyoandikwa 60 ina dakika 30 kila upande, na kwa kawaida watengenezaji huongeza utepe kidogo. Upande ukiisha kwa dakika 30 au 31, shukuru. Ukichukua 34, mkanda wateleza au mota imechoka. Ukiisha kwa 27, mashine yakimbia. Njia nzuri kuliko hiyo ni sikio la mwalimu wa kwaya: mpe kaseti ya nyimbo zilizopigwa kwa kinanda cha kanisani, naye akae mbele ya kinanda hicho hicho, apige noti ya kwanza, asikilize. Nyuma ya mota nyingi liko tundu dogo lenye skrubu ndani. Izungushe kwa bisibisi nyembamba, kidogo kama upana wa unywele, usikilize tena. Isipokuwa mota ina waya mbili tu na haina tundu; hapo dawa ni mkanda na usafi wa puli, basi.

Mashine ikishasema kweli, siku hiyo hiyo fanya kazi iliyokuleta. Tafuta waya wa kuunganisha tundu la spika za masikioni na simu au kompyuta, urekodi kaseti zote za nyumbani, ukianza na zile za sauti za watu na kumaliza na za dukani. Waya ukikosekana, weka simu mbele ya spika katika chumba kilichofungwa, kuku wakiwa nje. Andika jina la msemaji na mwaka kama unajulikana, na umpe nakala ndugu anayeishi mbali, ili simu moja ikiibwa sauti isiende nayo. Kaseti zenyewe usizitupe. Zisimamishe kwenye boksi, mbali na spika na jua.

Fundi kijana anayesoma haya na atazame pia faida yake. Ulaya na Marekani wako watu wanaoishi kwa kutengeneza mikanda hii kwa ajili ya wenye mashine za kale. Hukata, hupima, huandika namba, huuza kwa posta. Nao wengine hutumia uzi mzito wa plastiki laini, huyeyusha ncha zake juu ya kisu cha moto na kuzigandisha pamoja, kisha hukwangua uvimbe. Mtu wa Kalangalala mwenye kopo la oringi za vipimo kumi, spiriti, pamba na daftari la vipimo aweza kuzunguka minadani na kurudi na fedha ya haki. Daftari ndilo la muhimu: jina la mashine, urefu wa uzi, urefu wa mkanda uliofaa. Ukikutana na redio ya namna ile mara ya pili, hupimi tena.

Na mikanda ya akiba msiitundike msumarini, maana hunyooka upande mmoja. Ilazeni ndani ya kopo la kahawa, mkainyunyizie poda kidogo ya mtoto, mkafunika, mkaweka mahali penye giza. Siku ya kuitumia, ioshwe poda kwanza.